Vilima vya Angani

Juzi, katika duka la Mhindi mmoja mjini Kisii, mchezo wa video wa mbio za vigari, unaochezwa kwenye televisheni, ulikuwa umebadilishwa. Barabara yake ya angani, isiyo na ukingo, zamani ilikuwa tambarare. Toleo jipya lina vilima na kona kali. Dereva wa lori kutoka tambarare za kando ya ziwa, bingwa wa toleo la zamani, alitumbukia kwenye nyota katika kona ya kwanza tu.

Mama muuza ndizi akajaribu. Kila kona alipinda kiuno, shingo imenyooka. Akamaliza bila kuanguka.

"Mama, ulijifunza wapi kuendesha?" dereva akauliza.

"Kuendesha sijui. Najua kuteremka vilima vya Magwagwa na ndizi kichwani."

Walioichora barabara hiyo siwajui, lakini vilima walivitoa kwetu.