Neno la Kwanza Lililonitoka

Mnaosema nimechanganyikiwa, semeni mchoke. Haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, njiani kupanda mlima kwenda kijijini Bungu.

Natunga mashairi ya harusi hapa Korogwe. Kwenye semina moja tulifundishwa mchezo: mwenzako anakutupia neno, unajibu upesi neno la kwanza linalokujia, bila kufikiri. Harusi, ngoma. Ngoma, vumbi. Maneno hayo ndiyo unayoshonea beti. Wazee wetu walitukataza kuitikia sauti tusiyoijua, sisi tukaenda kufundishwa kuitikia haraka!

Siku hiyo naenda kwenye harusi ya mdogo wangu, Zaina. Mama alifariki Zaina akiwa anatambaa, nikamlea mimi. Shairi lake lilinigomea, basi nikawa najitupia maneno kwa sauti. Ukungu ukashuka. Mbele yangu nikaona mwanamke nisiyemjua amebeba kapu kichwani, hageuki nyuma.

Nikasema, "Harusi."

Akajibu, "Machozi."

Nikacheka. Kumbe na huku mchezo wanaujua? Sasa akawa anatupa yeye, najibu mimi.

"Moto?"

"Uji."

"Uji?"

"Mtoto."

"Mtoto?"

"Zaina."

"Zaina?"

"Mzigo."

"Mzigo?"

"Tua."

Niamini, nilijibu tu, ndivyo mchezo ulivyo. Akasimama, akashusha kapu. Lilikuwa tupu. "Haya dada, nimekutua," akasema. Kisha akalinyanyua kwa mikono miwili huku akiguna, limemlemea, akapotelea ukunguni.

Nilipofika, Zaina alikuwa ameshavalishwa. Nikamnyooshea mikono. "Shikamoo mama," akaniambia, halafu akawageukia wenzake: "Mpeni mgeni kiti."

Watu walidhani anatania. Mpaka leo anamjua kila mtu isipokuwa mimi. Nikimtembelea ananikaribisha kwa adabu, ananisindikiza, na kuniuliza kama nimejaliwa watoto.

Inaniuma, tena sana. Kwani mzigo ni tusi? Nani amebeba mtoto mgongoni asichoke? Kuchoka si kukataa! Lakini nimwambie nani?

Wewe unayetunga, sauti ya njiani ikikutupia neno, funga mdomo, hata kama shairi litaharibika. Langu halikuharibika. Nililimalizia palepale harusini nikalisoma mbele za watu, na sijawahi kutunga zuri kama lile. Zaina alilisifu kuliko wote, akaniuliza huyo dada aliyetajwa humo ni nani.