Mzinga Uliohamwa

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, kule Mwese, niliamini kwamba jicho la mtu mwenye wivu linaweza kuhamisha nyuki. Kila aliyetundika mzinga aliamini hivyo. Bibi yangu aliamini pia, ila yeye alianza na swali jingine.

"Mliwaachia nyuki chakula?" alimuuliza baba, siku tuliyokuta mzinga wetu mkubwa hauna hata nyuki mmoja.

Desturi ilikuwa kubakiza masega kadhaa ndani. Wiki mbili kabla, baba alikuwa amerina yote. Mimi nilisimama chini ya mti kupokea ndoo, nikala hadi midomo ikanata.

"Tuliwaachia, mama." Kisha akanigeukia. "Si tuliwaachia?"

"Ndiyo," nikasema.

Bibi alinitazama muda mrefu kuliko nilivyopenda. "Haya. Mtafuteni huyo mwenye jicho."

Alipatikana siku ileile: Mama Kulwa, jirani yetu Msukuma. Aliwahi kupita na ng'ombe wake akatania, "Shemeji, mzinga wako umenona kuliko ndama wangu!"

Baba alilirudia neno hilo kisimani, akalirudia kanisani. Baada ya mwezi alilisimulia huku machozi yakimlengalenga, na nina hakika hakuwa akidanganya tena, alishaamini. Nami nilimwambia Kulwa, rafiki yangu, kwamba mama yake ni mchawi. Kabla ya mvua walihamia Mwamkulu. Kulwa hakuniaga.

Sasa ninafundisha Mpanda mjini. Nimesoma hadi chuo kikuu. Mwaka jana mke wangu alilalamika maumivu ya tumbo kwa wiki tatu. Nilimwomba avumilie nimalize kusahihisha mitihani, ndipo nimpeleke hospitali. Tulichelewa.

Tangu tumzike, namtazama kwa shaka mama muuza mboga wa mtaani kwetu Nsemulwa, aliyemwambia mke wangu siku moja, "Dada, mbona unazidi kunawiri? Unakula nini wenzio tusichokijua?" Nimeshawanong'oneza watu wawili. Hakuna aliyenipinga, na hilo lilinifariji.

Juzi binti yangu aliuliza, "Baba, mama alianza kuumwa lini hasa?"

"Ghafla tu, mwanangu."

Jibu lilitoka kwa urahisi uleule wa Mwese. Binti yangu alinitazama. Nikajikuta nafuta midomo.