Sufuria ya Generoza Iliyopiga Mluzi

Wanaosema Generoza alizaliwa na mkono wa kupika hawakuwapo mwaka 1974. Mimi nilikuwapo, nikichambua maharage pembeni yake, na nawaambieni bila haya: maharage yake yalikuwa mawe.

Kwao ni Munisagara, chini bondeni, kando ya reli. Aliolewa kwetu Mamboya, huku milimani, na kijiji cha ujamaa kilipoanza shamba la pamoja akapewa jiko la pamoja, kwa kuwa alikuwa na nguvu, mcheshi, na hakuwahi kuchelewa kazini hata siku moja. Kasoro yake ilikuwa maharage tu. Kwao alizoea kuyatia maharage motoni, akafua nguo, akarudi kuyakuta yameiva. Kwetu aliyainjika alfajiri, watu wakarudi mchana na majembe begani, na bado yaligonga sahani. Sisi wenyeji tulipika vyungu vidogo nyumbani, bila haraka. Yeye alikuwa na watu arobaini wenye njaa.

Tena palikuwa na mwonjaji. Kijiji kilimchagua Bibi Fausta kwa sababu hakuwa na jino hata moja: chakula ambacho yeye angeweza kukimeza, mzee yeyote na mtoto yeyote angekimeza. Hakuna sahani iliyotoka jikoni kabla hajaonja. Na huyo Bibi Fausta ndiye mama mkwe wa Generoza. Kila siku alitia kijiko mdomoni, akazungusha ufizi, akatema kiganjani.

"Haya ni ya kupanda, mwanangu. Siyo ya kula."

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Generoza naye alicheka, kisha akaenda nyuma ya jiko kufuta macho. Mimi nilimchukia yule bibi, wala sifichi.

Mwezi wa Julai mwenyekiti wetu, Makarius, akatangaza mkutanoni: mwonjaji akitema tena Jumamosi, upawa unakwenda kwa mpishi mwingine. Jioni ileile Generoza alimwandikia baba yake.

Mzee Melkizedek alikuwa amechochea moto kwenye garimoshi miaka ishirini na sita kabla ya kustaafu. Alifika Alhamisi, akasalimiana na wakwe zake, akanywa uji, akaenda moja kwa moja misheni kuomba sufuria moja kuukuu. Ilikuwa nene, ya kuchemshia vyombo vya hospitali, na mfuniko wake ulibanwa kwa skrubu sita. Ilikuwa imetupwa stoo tangu mpira wake wa kuzibia ulipooza. Mzee alikata mpira mwingine kutoka kwenye tyubu ya baiskeli. Juu ya mfuniko palikuwa na kibomba kidogo, naye akakifunika kwa nati nzito aliyoitoa mfukoni.

"Maji ya sufuria ya wazi yakishachemka yamefika mwisho wake," alituambia. "Choma msitu mzima, hayapati moto zaidi. Mvuke unaondoka na joto lako. Na huku juu milimani yanachemka upesi, kabla hayajapata moto wa kutosha kuivisha maharage. Lakini ukiyafungia, mvuke unakosa pa kwenda, unayakandamiza, nayo yanazidi kupata moto."

"Na nati hii, baba?"

"Huo ndio mlango. Mvuke ukizidi unainyanyua, unatoka, unapiga mluzi. Ikipiga mluzi, endelea na kazi zako. Ikinyamaza na moto unawaka, toa kuni zote. Na skrubu usiziguse mpaka ipoe, hata akikuamuru mwenyekiti."

Jumamosi tuliijaza nusu tu, kama mzee alivyoagiza kabla ya kurudi kwao, tukabana skrubu. Muda si muda nati ikaanza kucheza, kisha mluzi ukatoka, ukapaa hadi shambani. Wanawake walipiga vigelegele hukohuko kwenye matuta. Generoza alinikumbatia, akanizungusha, tukachukua ndoo kwenda kijitoni tukiwa tunaimba.

Tulikuwa tunateka maji mluzi ulipokatika.

Generoza alitupa ndoo akakimbia. Nilipofika mlangoni nikihema, nilimkuta Bibi Fausta ameketi kando ya jiko, ametulia kabisa, na juu ya nati amelaza jiwe la kusagia! Generoza alimbeba mkwewe kiunoni kama mzigo wa kuni, bibi akirusha miguu, akaja kumwachia mikononi mwangu. Akarudi ndani na jembe. Nilisikia kuni zikiburutwa, makaa yakimwagwa sakafuni. Niliogopa vibaya. Nilimwita mara mbili.

Alitoka mbio, na nyuma yake ukafuata mlio mrefu wa psssss. Mpira wa tyubu ulikuwa umechomoka upande mmoja. Mvuke ukajaa jiko lote, ukatokea kwenye nyasi za paa, kijiji kizima kikanukia maharage.

Tulisubiri hadi pakawa kimya na sufuria ikapoa. Wakati huo watu wote walikuwa wamekwisha fika. Generoza alifungua skrubu, akachota upawa mmoja, akaufikisha kwa mwonjaji.

Bibi Fausta alitia kijiko mdomoni. Akazungusha ufizi. Akameza.

Hakuna aliyecheka. Akachota cha pili, akameza, na machozi yakaanza kumtiririka mpaka kwenye sahani.

"Mama, nani alikuambia uweke jiwe?" Generoza akamuuliza polepole.

"Hakuna. Niliona mvuke unatoka, nikajua utamu unapotea. Huku kwetu mfuniko wa maharage hauachwi bila jiwe. Nilitaka yakuivie, mwanangu. Kila siku nilikuwa natema, naenda nyumbani naomba kesho nimeze. Mdomo huu siwezi kuutumia kuwadanganya watu. Ila leo, hata yangekuwa mawe, ningemeza hivyohivyo."

Generoza alipiga magoti, akaanza kucheka na kulia kwa pamoja, na mimi niliyemchukia yule bibi mwaka mzima nikalia kuliko wote. Mwenyekiti akauliza kama sasa watu wanaweza kula.

"Wasubiri," Bibi Fausta akasema, akanyoosha sahani. "Bado naonja."