Kompyuta ya Baba Ilipodai Namba

Baba alipopata kiharusi, mdomoni mwake lilibaki neno moja tu: "Ndiyo." Ukimuuliza kama anasikia baridi, ndiyo. Ukimuuliza kama ameshiba, ndiyo. Mama alijifunza upesi kuyasoma macho yake. Mimi, binti yao mkubwa, ninayeishi Mahongole kule Makambako na kuja Njombe mwisho wa wiki, nilichelewa.

Baba alikuwa mwalimu mstaafu, na mwalimu wa kwaya kanisani kwetu. Baada ya kustaafu alizunguka vijiji vya Lupembe mpaka Matembwe, akiwarekodi wazee wakisimulia kwa Kibena jinsi walivyoposa, walivyozika na walivyoviita vijito vyao. Sauti zote zilikuwa ndani ya kompyuta ya mezani pale sebuleni, chini ya kitambaa alichofuma mama. Wengi wa wazee wale sasa ni marehemu.

Tatizo lilianza dogo. Umeme ukikatika, kompyuta ilisahau saa na tarehe, na haikuwaka mpaka ubonyeze kitufe ilichokitaka. Fundi wa hapo mjini akasema betri ndogo ya ndani imekufa. Akaibadilisha, akanieleza kwamba mipangilio ya kuwashia, ile wanayoiita BIOS, imerudi kama ilivyotoka kiwandani. Nikaitikia kwa kichwa. Sikujua maana yake ni nini.

Nilipoiwasha nyumbani, kioo kilikuwa cheusi na maandishi meupe yakisema hakuna diski ya kuwashia. Nikairudisha kwa fundi. Akaingia kwenye BIOS, akageuza hiki na kile, mara diski ikaonekana. Nikashusha pumzi. Halafu kioo kikawa cha bluu, kikadai namba ya kufungulia, mlolongo mrefu wa tarakimu.

"Mzee aliifunga diski yake," fundi akasema. "Sasa mashine imeona mipangilio imebadilika, inadhani imeangukia mikononi mwa mwizi."

"Basi irudishe ilivyokuwa."

"Nimejaribu, dada. Tatizo, sijui ilikuwaje."

Nikakumbuka. Jirani yetu aliwahi kuvunjiwa nyumba, wakabeba kompyuta yake, na wiki ileile baba akakaa mbele ya mashine yake mchana kutwa. Alikuwa anajilinda. Tuliitafuta ile namba kabatini, ndani ya Biblia yake na mifukoni mwa makoti. Flashi yake ilikuwa na nyimbo za kwaya tu.

Nikaifunga mashine kwenye blanketi, nikaipakata ndani ya basi hadi Makambako, kwa fundi mama mmoja anayesifika kuokoa kompyuta za maofisini.

"Kamwene," nikamsalimu kwa Kibena. Akaitika, akaipokea kwa mikono miwili kama mtoto mgonjwa.

Siku iliyofuata aliniita. Alikuwa amejaribu kila mpangilio. Akauliza kama mzee ana barua pepe, maana huenda namba imehifadhiwa huko. Anayo, lakini nywila anaijua mwenyewe, na laini ya simu aliyoisajilia aliiacha zamani.

"Naweza kuifuta," akasema taratibu. "Itawaka vizuri kabisa. Ila itakuwa tupu."

"Na bila kuifuta?"

Akatikisa kichwa. Sikuwa na mtu wa kumlaumu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Kila mmoja alikuwa amefanya kazi yake sawasawa.

Jumamosi nikaichomeka tena sebuleni. Baba alisogezwa kwa kiti chake. Alipokiona kioo cha bluu, uso wake ulibadilika. Alielewa kuliko sisi wote. Akanyoosha mkono wa kushoto, ule unaomtii, akabonyeza tarakimu kadhaa. Akasita. Akafuta, akaanza upya, midomo ikichezacheza kama anayehesabu. Safari ya tatu mkono ukaanguka mapajani, machozi yakamtoka.

"Baba, namba uliiweka mahali?"

"Ndiyo."

"Humu ndani ya nyumba?"

"Ndiyo."

"Kanisani?"

"Ndiyo," akasema, kwa sauti ya juu sasa, akinitazama kama mimi ndiye niliyekataa kuelewa.

Nikapiga magoti mbele yake. "Baba, tuifute?"

"Ndiyo."

"Tuiache ilivyo?"

"Ndiyo."

Nikamgeukia mama, yeye anayeyasoma yale macho. Alikuwa ameshika ukingo wa meza. "Mwanangu," akasema, "hata mimi leo sioni."

Hatukuifuta. Nilimwambia fundi wa Makambako tutafikiri kwanza, akasema hakuna haraka, diski haiozi. Kila nikija, baba huinyooshea kidole, nami naiwasha. Anakaa akiangalia ile nafasi inayosubiri namba, na mimi nakaa kando yake, mpaka achoke mwenyewe.