Geuka Kidogo, Madam

Fundi yule hakuwahi kufungua mashine kabla ya kuvua saa yake na kuificha ndani ya soksi. Kisha alisema, kwa sauti ya mtu anayeomba maji, "Geuka kidogo, madam. Hii ni siri ya kampuni." Jael, mwenye ofisi ya kuchapa Kawangware, aligeuka kila mara. Safari hii printa ilikuwa ikijikokota, na mitihani ya shule tatu za Kianda ilitakiwa kesho asubuhi. Akichelewa, kazi ingemtoka. Alikuwa ameilipa kampuni elfu nne mashine iongezewe mwendo. Lakini mwezi huo alikuwa amehamishia ofisi kwenye chumba kimoja na msusi, na ukuta aliougeukia ulikuwa kioo kitupu. Humo aliona vidole vile vinene, vyenye upole wa kumtoa mtoto mwiba, vikichomoa kipande cha plastiki kidogo kama punje ya mchele na kukitia mfukoni. Kumbe ndicho kilichokuwa kikiizuia. Printa ikaanza kukimbia kama inayofukuzwa.

"Elfu nne, na hujaongeza kitu," Jael alisema. "Umetoa."

Fundi alichomoa saa kutoka kwenye soksi, akaivaa taratibu, akasema maneno ya mwisho ambayo Jael angeyasikia kutoka kwake:

"Kukirudisha ni bure, madam. Nikirudishe?"