Kidonda cha Arimae

Kidonda chenyewe kilianza na mwiba wa shambani, kitu cha kutemea mate ukaendelea na kazi zako. Miezi mitatu baadaye mguu wa Arimae ulikuwa umevimba hadi pajani, unanuka, na binti yake Fenaaori alikuwa ameshachemsha kila jani linaloota katika milima ya kisiwa chao cha Malaita. Wapi!

"Baba, twende hospitali."

"Kwenye nyumba wanamozalia wanawake? Mimi ninayewachinjia mizimu nguruwe, nikalale mle? Unataka mababu watumalize sote?"

Hakuwa mbishi wa bure. Katika ukoo ule ni yeye tu aliyebaki wa kusema na mizimu, na mtu wa namna hiyo akitiwa unajisi, hasira ya mababu huwashukia wote. Lakini Fenaaori naye baba alikuwa na mmoja tu. Akadanganya.

"Wamejenga jengo jipya, la wanaume peke yao. Nimeliona kwa macho yangu."

Binamu zake wakambeba mzee kwenye machela ya miti, siku nzima ya matope na mteremko. Njiani mzee akawa hata anatania: "Bebeni vizuri, wavivu nyie! Nguruwe mnambeba kwa heshima kuliko mimi."

Nesi alifunua kidonda akashusha pumzi. "Jamani, mlikuwa mnangoja nini?" Akaandika sababu ya kulazwa: kidonda cha mguu, sumu imeingia kwenye damu. Mengine hayakuwa na mahali pa kuandikwa. Dripu ikatundikwa. Kesho yake homa ilishuka, mzee akaomba gimbi, na Fenaaori akacheka peke yake kwa furaha.

Ndipo kichanga kilipolia upande wa pili wa ukuta wa mbao.

Arimae aliweka gimbi chini. Hakufoka, heri angefoka.

"Huyo ni mtoto?"

"Baba, nisamehe."

Aling'oa sindano kwa mkono wake. Nesi alimsihi, Fenaaori akapiga magoti, haikusaidia kitu. Akarudishwa mlimani. Nduguze hawakumruhusu kuingia nyumba ya wanaume ya kijijini kabla ya kutakaswa, na wa kumwombea kwa mizimu hakubaki mwingine. Walimjengea kibanda pembeni, wakakaa mbali naye. Homa ikarudi.

Fenaaori alimpelekea maji. Midomo ya mzee ilikuwa imepasuka kwa kiu. Akautazama mkono uliomnyooshea kibuyu.

"Weka chini," akasema. "Atakuja mwingine kuninywesha."

Hakuna mwingine aliyethubutu kumkaribia.