Nakala Pekee ya Filamu ya Punda

Mtaani walimwita Sekunde, kwa sababu alikuwa fundi saa na kwa sababu hakupenda kupoteza hata moja. Kibanda chake kilikuwa na upana wa meza moja na nusu. Alifanya kazi akiwa na kioo cha kukuzia kwenye jicho la kulia, na kila saa aliyoifungua aliitandikia kitambaa cheupe ili skrubu ikidondoka ionekane. Kwa miaka thelathini na nne hakumpotezea mteja skrubu hata moja. Hakuwa mwizi wala mlevi, na nyumbani kwake hakukuwa na kelele. Inafaa haya yajulikane mapema, kwa kuwa kosa lake halikuwa la mtu mbaya, na makosa ya watu wema ndiyo tunayoharakisha kuyasamehe kabla hatujayatazama vizuri.

Kosa lenyewe lilikaa juu ya kabati la chumbani, ndani ya kopo la bati.

Alipokuwa kijana, ukumbi wa sinema ulifungwa na vitu vyake vikatupwa uani. Sekunde alikuwa ameitwa kushusha saa ya ukutani. Kwenye takataka akaona kopo lenye mkanda wa filamu ya zamani ya kifamilia, kuhusu ndugu watatu wanaomrudisha punda aliyepotea kwa mwenyewe. Ilikuwa filamu ndogo isiyo na mwigizaji mashuhuri, na watoto wa shule ya pale pale ndio waliojaza mandhari. Akaazima projekta, akaionyesha ukutani mara nne, mke wake akiwa bado mchumba. Kisha akaamua isichakae.

Fundi saa anajua maadui wawili, vumbi na unyevu. Akaufunga mkanda kwa nailoni, tabaka mbili, akaurudisha ndani ya kopo, akazungusha utepe wa gundi mpaka hata pumzi isipenye. Kila mwaka aliongeza utepe mpya juu ya ule wa zamani. Hakuifungua tena. Kuwa nayo kulimtosha.

Jumapili asubuhi alikutana na wenzake kwenye duka la kinyozi. Kinyozi alikuwa na rafu tatu za kanda za video, zote filamu za zamani za watoto na wazazi wao, nyingi zikiwa zile ambazo hata waliozitengeneza wameshazisahau. Kazi yao ilikuwa kuangalia, kubishana na kuandika barua kwa kampuni zinazomiliki filamu hizo, wakiomba zitolewe kwenye kanda, na baadaye kwenye diski, ili mtu azitazame nyumbani kwake. Barua nyingi hazikujibiwa.

"Tukingoja hivi tutaziangalia ahera," Kinyozi alisema. "Na huko sijui kama kuna umeme."

Mwenzao wa tatu alikuwa muuguzi mstaafu, mwanamke mkimya aliyejiunga nao miaka kumi na miwili iliyopita. Yeye hakukusanya chochote. Alitaka filamu moja tu, ile ya punda, na siku ya kwanza alieleza sababu bila kuzunguka. Mwanawe wa pekee, akiwa na miaka minane, alichaguliwa shuleni kuwa mmoja wa watoto wanaokimbia nyuma ya yule punda. Wiki sita baada ya filamu kuonyeshwa, mtoto alikufa kwa homa ya uti wa mgongo. Picha zake mbili ziliharibika sandukuni bomba lilipopasuka.

"Sura yake imeanza kunitoka," alisema. "Nakumbuka mikono, masikio. Nikiviunganisha havikubali."

Sekunde aliyasikia hayo akiwa ameketi hatua mbili kutoka kwake. Akakohoa. Akasema, "Pole sana, dada." Hakusema zaidi.

Hapo ndipo pa kumhukumu, tusitafute pengine. Hakuogopa sheria wala hakutaka faida. Ila alijua kwamba akisema anayo, kopo litatoka juu ya kabati, na filamu ikishaingia kwenye diski kila mtu ataiweka kwenye rafu yake. Angekuwa mtu kama Kinyozi. Alitaka kubaki mtu mwenye kitu. Choyo haihitaji dhahabu. Inaridhika hata na kopo la bati.

Mwaka uliopita kampuni ilijibu. Kinyozi aliisoma barua kwa sauti, wembe ukiwa bado mkononi: filamu ya punda ingetolewa kwenye diski iwapo ingepatikana nakala moja nzima, maana ya kwao ilikwisha kuharibika. Yeyote aliye nayo ajitokeze kabla ya mwisho wa mwaka.

"Kuna mtu anayo," Kinyozi alisema. "Ameilalia kama kuku. Mficha uchi hazai, lakini huyu mwenzetu anaatamia tu."

Muuguzi hakucheka. "Awe yeyote yule, mimi simlaumu," alisema. "Ajitokeze."

Sekunde akatazama sakafu yenye nywele. "Labda ipo mahali," alisema.

Miezi minane ikapita. Mke wake ndiye aliyemaliza mambo, walipokuwa wakipanga vyombo jikoni.

"Baba watoto, yule dada bado anaandika barua?"

"Bado."

"Na kopo bado liko juu ya kabati?"

Akapangusa sahani iliyokwisha kukauka.

"Yeye anamtafuta mwanawe," mke wake alisema. "Wewe unatafuta nini?"

Akaenda chumbani, akapanda kiti, akalishusha. Akakata tepe moja baada ya nyingine, kama anayemenya kitunguu. Kifuniko kilipotoka, harufu kali ya siki ilijaa chumba, mke wake akakimbilia kufungua dirisha. Mkanda ulikuwa umejikunja na kushikana ukawa bonge moja la kahawia. Alipojaribu kuinua ncha yake kwa koleo, ilikatika kama biskuti.

Aliupeleka hivyo hivyo kwa fundi wa kampuni, safari ya siku nzima. Yule bwana alinusa tu.

"Nani aliufunga namna hii?"

"Mimi. Usiingie vumbi."

"Mzee wangu, filamu za aina hii hutoa tindikali zenyewe. Zinataka hewa. Ukizibana, zinajila. Ungeliacha tu kopo bila hiyo nailoni, pengine tungeokoa nusu." Akalisukuma kopo upande wa Sekunde. "Pole. Hapa hakuna kitu."

Kesho yake alikwenda nyumbani kwa Muuguzi na lile kopo mkononi. Aliketi ukingoni mwa kochi, akaeleza yote: mwaka aliouokota mkanda, siku aliyosema pole, siku ya barua. Hakujitetea. Hilo lihesabiwe kwake, ingawa ni dogo.

Muuguzi alifungua kopo, akatazama lile bonge kwa muda mrefu. Alilifunga taratibu.

"Basi nisimulie," alisema. "Wewe uliiona mara nne. Mimi siku ilipoonyeshwa nilikuwa zamu. Aliporudi kutoka ukumbini aliniambia, 'Mama, mimi niko karibu na mkia.' Alikuwa anacheka, au alimwogopa yule punda?"

Sekunde angeweza kusema alikuwa anacheka. Nani angempinga? Lakini kichwani mwake kulikuwa na mambo mengine: dakika sabini na moja, sehemu sita za mkanda zilizoungwa kwa gundi, mkwaruzo mrefu karibu na mwisho. Watoto nyuma ya punda walikuwa vumbi na miguu.

"Sikumtazama, dada," alisema. "Nilikuwa naangalia kama mkanda unakwaruzika."

Muuguzi aliitikia kwa kichwa, kama alivyozoea kupokea majibu ya maabara mbele ya ndugu wa mgonjwa.

"Miaka kumi na miwili nilikaa karibu na mtu mwenye mwanangu," alisema, "kumbe hata wewe hukuwa naye."

Akainuka, akamfungulia mlango. Kopo alibaki nalo Muuguzi.